Trekta la Kundi la Pili

Haya alinisimulia Yustina mwenyewe, mwaka wa pili baada ya sisi kuhamishiwa kijiji cha ujamaa huko Ulemo, tukibambua karanga uani kwake. Nayaandika kama alivyoyasema.

Shamba la kijiji lilipaliliwa kwa makundi. Kila mtu alipewa mistari yake ya uwele. Ukimaliza, unakwenda shambani kwako. Kiongozi wa kundi la pili alikuwa Felista, rafiki ya Yustina tangu wakichota maji pamoja usichana wao. Felista alikuwa na sauti.

"Mwoneni mama Isaka! Huyu si mtu, ni trekta!"

Watu wanapiga vigelegele, na Yustina, ndiye mama Isaka, anashika mistari ya jirani. Akimaliza, anasikia tena, "Trekta! Hebu nyoosha na ile pale." Ananyoosha. Jua linazama yuko huko huko, na uwele wake mwenyewe unamezwa na magugu, mvua nazo zinakaribia kuisha. Uwele huo ndio waliotegemea kula, yeye, watoto na mama mkwe wake, Damari.

Siku moja alisahau kibuyu chake cha maji, akarudi kukichukua. Nyuma ya kichaka alimsikia Hana, mwenzao wa kundi, akilalamika.

"Mistari yangu imenishinda, mgongo huu."

"Unajisumbua nini?" Felista akajibu. "Mwite trekta tu. Mimi wiki ya tatu hii sijagusa yangu, na kwangu nimepalilia kote."

Wakacheka. Yustina alikiacha kibuyu.

"Kicheko kile nakijua," aliniambia. "Ndicho tulichokuwa tukiwacheka nacho wengine, mimi na yeye."

Jioni alimkuta Damari mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimepita shambani kwako. Ile mistari minne uliyoipalilia Jumapili hukukata hata shina moja, na udongo umeupandisha vizuri, upepo hautaulaza uwele. Bondeni ndiko hakufai, magugu yananifika magotini."

Yustina akamtazama. "Unataka nikufanyie nini, mama?"

"Eh! Nataka tule. Kesho nakuja na jembe langu."

Kesho yake Yustina alipalilia mistari yake tu, akaweka jembe begani.

"Trekta! Mbona mapema?"

"Limekwisha mafuta. Palilia yako, Felista."

Watu wakacheka, safari hii wakimtazama Felista.

Bondeni Damari alikuwa ameshaanza. Walimaliza mistari mitano, giza likaingia. Bonde lilikuwa bado kubwa, na upande mmoja uwele ulikuwa umeshadumaa, hauponi.

Damari alikula, akalala na wajukuu. Yustina alibaki motoni akiyarudia yote Felista aliyowahi kumsifia tangu usichana, ugali wake, nywele zake, sauti yake ya kwaya, akijiuliza lipi lilikuwa la kweli. Hakuweza kujua hata moja. Alikuwa na ile mistari minne tu ya Jumapili, aliyoisifia Damari. Akaufukia moto kwa majivu, akajilaza kando ya watoto, usingizi ukamchukua.