Nyumba Zilizohamia kwa Tokie

Mkutano wa kupanga upya kijiji cha Okunogi ulipofika kwenye suala la theluji, Tokie Kuwabara alikuwa jikoni mwa ukumbi, anakata figili alizozivundika kwa chumvi na pumba za mpunga. Alizikata nyembamba, maana wanaume wa Okunogi wana meno machache na maneno mengi. Wao walikuwa upande wa pili wa mlango wa karatasi, wamepiga magoti kuizunguka ramani kubwa iliyotandazwa sakafuni, kila mmoja na vikaratasi vya rangi mkononi. Njano ni kitu cha kutunza. Bluu ni kitu kipya. Kijivu ni kitu cha kupumzishwa.

Neno hilo la kupumzishwa lilikuja na Bwana Wakisaka, mtaalamu wa mipango kutoka mjini, kijana mwenye adabu ambaye hata kukohoa alikuwa anaomba radhi kwanza. Alieleza kwamba watu wamebaki wachache na wametawanyika mno, kwa hiyo basi la abiria, muuguzi na gari la kusukuma theluji vingehudumia mtaa wa Bondeni tu. Mtaa wa Juu ungepumzishwa. Waliobaki huko wangepewa vyumba kwenye jengo jipya kando ya barabara kuu.

Waliobaki huko walikuwa Tokie na jirani yake Fumiyo.

"Vyumba vya kuenea mikeka sita tu," Fumiyo alinong'ona huku akifuta vikombe. "Ukipata wageni wanne, wa tano umkalishe ndani ya sinki."

Tokie hakucheka, na si kawaida yake. Jikoni kwake kule Juu ndiko wanawake wa kijiji walikopanda kila baada ya mkutano, wamebeba mabaki ya chakula, kwenda kuufanya mkutano upya kwa namna inayoeleweka: nani kasema nini, kakisemea nini, na mkewe anasemaje. Vikombe havikukauka. Theluji isiposukumwa, hakuna ambaye angepanda tena hadi majira ya kuchipua, na Bondeni kwenye mikeka sita wasingeenea. Kwa Tokie hayo yote yalikuwa kitu kimoja, nacho ni kukaa kimya na mtu usiyemchagua, yaani nafsi yako.

Wanaume walipotoka kunyoosha miguu, alimwendea Mwenyekiti Nishigori.

"Mwenyekiti, siku ya kura nami nataka kusema. Kwa sauti ya nyumba yangu."

"Sauti ya Kazuhiko," Nishigori alimsahihisha kwa upole.

"Kazuhiko yuko Nagoya. Nyumba naifagia mimi."

"Na unaifagia vizuri, dada yangu, hakuna anayebisha." Akamkabidhi birika tupu. "Tena chai yenyewe imeisha."

Okunogi kila nyumba ina sauti moja, na sauti hukaa kwa mkuu wa kaya. Mume wa Tokie alipofariki, sauti ilimwendea mwanawe Kazuhiko, anayeuza viyoyozi. Kazuhiko, kwa kuwa hana nafasi ya kupanda milima kwa ajili ya vikaratasi, aliikabidhi kwa Mwenyekiti kwa simu. Ndiyo maana Nishigori alipopiga kura alinyoosha mikono yote miwili, wake na wa Kazuhiko, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Siku hiyo mikono yote miwili ilipanda, na kikaratasi cha kijivu kikabandikwa juu ya nyumba ya Tokie. Kura ya kuupitisha mpango wote ingepigwa theluji ya kwanza ikianguka.

Wiki iliyofuata, mchana, Tokie alikuwa barazani anamenya matunda ya makaki ya kukausha, Fumiyo akiyafunga kamba. Fumiyo alitazama barabarani.

"Una mgeni."

"Nani tena?"

"Nyumba ya marehemu Sugawara."

Nyumba ya Sugawara, fundi miavuli, ilikuwa tupu tangu wanawe walipohamia mjini. Ilikuwa inapanda mlima taratibu, paa limeinama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya waliokaa. Miavuli iliyosahaulika darini ilikuwa inagongana.

"Iambie ipite kushoto," Tokie alisema. "Kulia nimepanda vitunguu."

Ikapita kushoto. Ilijipima mara mbili, ikakaa ikielekea kusini, milango ikatulia. Tokie aliifungulia madirisha ipate hewa, akarudi kwenye makaki.

"Upweke," Fumiyo alisema. "Ningekuwa mimi nisingevumilia miaka yote hiyo bila umbea."

Baada ya hapo zikaja nyingine. Nyumba za zamani za Okunogi hukaa juu ya mawe, hazikufungwa kwa chochote, kwa hiyo zikiamua kuondoka hakuna cha kuzizuia. Zile za zege ndizo zilizobaki Bondeni, zimeshikwa miguu. Ilikuja nyumba ya mwalimu wa zamani, ambayo tangu awali ilijiona, ikakaa mbali kidogo na wenzake, kisha baada ya siku chache ikasogea karibu kusikia vizuri. Ikaja nyumba ya ndugu wawili waliogombana, ikiwa na ukuta katikati. Likaja na duka la mchele, ambalo lilikwama kwenye kona, na wanawake wakalisukuma huku wakilitania unene. Zote zilijipanga kulizunguka jiko la Tokie, zikaacha kiwanja katikati. Mleta barua alilalamika juu ya anwani, lakini yule hulalamika hata juu ya barua.

Wanawake wakaanza kukutana mapema zaidi. Walifagia, walibandua karatasi kuukuu za milango na kubandika mpya, wakagawana kazi bila ramani. Bafu la ndugu wawili likafanywa la wote. Duka la mchele wakapewa mwokaji mmoja kijana na mkewe waliokuja kutoka Osaka na mtoto mchanga, wakitafuta mahali pa kuoka mikate. Waliuliza kama eneo ni tulivu.

"Hata kidogo," Tokie aliwajibu.

Wakahamia siku ileile.

Bwana Wakisaka alipanda kuja kutazama. Aliomba radhi kwa kila nyumba, akanywa vikombe vitatu vya chai, kisha akakunjua ramani juu ya goti, akabandua kijivu na kubandika njano. Njano zilipomwishia akaazima karatasi ya kufungia mikate.

"Itabidi iitwe kitu," alisema. "Hii nafasi ya katikati."

"Iite kiwanja," Fumiyo alisema.

Aliandika Kiwanja cha Nishigori, kwa kuwa Mwenyekiti ndiye kiongozi wa mpango.

Theluji ya kwanza ilianguka asubuhi. Wanaume walikuwa wameshakaa ukumbini Bondeni, jiko la mafuta limewashwa, katibu anasoma ajenda. Ukumbi huo zamani ulikuwa nyumba ya kufugia viwavi wa hariri, nao unakaa juu ya mawe kama wenzake. Katikati ya ajenda uliinuka.

"Soma taratibu," Nishigori alimwambia katibu. "Ukumbi unatikisika."

Katibu akasoma taratibu. Ulipanda mlima ukiwa nao ndani, viatu vyao vimejipanga mlangoni, hata kimoja hakikuanguka. Ulifika kwenye kiwanja, ukatafuta pa kukaa, ukajibana kwenye ukuta wa jiko la Tokie hadi dirisha likatazamana na dirisha. Ndani ya jiko wanawake walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi, mtoto wa mwokaji anapitishwa mkono kwa mkono. Tokie akafungua dirisha lake, kisha akafungua na la ukumbi.

"Karibuni," alisema. "Tulikuwa tunawazungumzia."

"Tunajua," akasema mzee mmoja. "Masikio yanawaka tangu kule mtoni."

Nishigori akasimama. Alieleza mpango ulivyobadilika: Mtaa wa Juu utatunzwa, gari la theluji litapanda kila asubuhi, muuguzi kila wiki, basi litageuzia kiwanjani. Aliwashukuru wanaume wenzake kwa kuona mbali.

"Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikapanda. Nishigori akanyoosha yake yote miwili, wake na wa Kazuhiko. Kelele za jikoni zikakatika. Tokie alikuwa amesimama dirishani, na mkono wake nao ukapanda, ukapita madirisha yote mawili hadi ndani ya ukumbi, ukabaki hapo, umenyooka, karibu kabisa na uso wa Mwenyekiti.

Nishigori akauona. Akashusha mmoja wa mikono yake, akachukua birika tupu, akalipachika mkononi mwa Tokie.

"Wewe hodari, dada. Umejuaje imeisha?"

Mpango ulipita bila kupingwa. Tokie alishika birika kwa muda, akasikia gari la theluji likipanda kona ya mwisho, likikoroma. Nyuma yake Fumiyo alikuwa ameshaanza, "Mmeona alivyofanya? Mmeona?" na jiko zima likalipuka, na nyumba ya mwalimu ikasogea kidogo.

Tokie akajaza birika. Akampa Mwenyekiti, akaacha dirisha wazi, akageuka kusikia wanasemaje.