Mbuzi wa Komunio

Faraja simpendi, na nalisema mapema ili mtu asije akadai nimemwonea. Ni mdogo wa kiume wa Hosiana, jirani yetu, ana duka Dumila, na kila akipanda kwetu Matombo huwa na haraka kama aliyeacha chungu jikoni. Siku ya komunio ya kwanza ya mpwa wake ndiyo alituharibia.

Huku kwetu mnyama wa shughuli, hata ya Mkristo, huchinjwa na Mwislamu ili majirani wote wale pamoja. Hakuna anayekumbushwa. Lakini asubuhi ile mvua ilikuwa imeharibu njia, mzee Abdulatif, mchinjaji wetu, akachelewa. Watu wakiwa kanisani, Faraja akashika kisu mwenyewe, akachinja, akachuna, akatuletea nyama jikoni. Hatukuuliza. Nani angeuliza?

Mpishi mkuu alikuwa Mwaisha, jirani wa Hosiana, mtu wa swala tano. Mimi nilimenya ndizi, yeye akaunga mchuzi na kuonja chumvi. Hosiana aliporudi kutoka misa akamkuta Abdulatif ndiyo kwanza anafika, matope hadi magotini, anauliza mbuzi yuko wapi.

Hosiana akamvuta mdogo wake nyuma ya jiko. Nilikuwa naokota kuni hapo, nikasikia yote.

"Nyamaza tu, dada," Faraja alisema. "Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Utaaibika mbele ya watu wote hawa. Na mtoto je, siku yake?"

Hapo Hosiana alisita. Wageni walishakaa mikekani, na binti yake na gauni lake jeupe alikuwa anapigwa picha.

"Kwaresima iliyopita kulikuwa na maulidi kwa Mwaisha," akasema. "Pilau ya nyama. Mimi nilishasahau kuwa ni Ijumaa, siku tusiyokula nyama. Yeye ndiye aliyekumbuka, akanichemshia maharage pembeni. Angenyamaza, ningekula."

Akaingia jikoni moja kwa moja. "Dada Mwaisha, mbuzi hakuchinjwa na Abdulatif. Kachinja Faraja. Nisamehe, umeshaonja."

Mwaisha akatema mate, akachota maji, akasukutua na kusukutua tena. Kisha akaweka mwiko chini na kuondoka. Niliogopa, maana namjua kwa hasira. Hosiana alitoka akawaeleza wageni huku analia, na wengine wakaanza kutafuta viatu vyao.

Mwaisha akarudi na majogoo wawili kwapani. Akamkabidhi Abdulatif, akaagiza sufuria nyingine, kisha akamgeukia Faraja. "Wewe mwenye haraka, utanyonyoa."

Akanyonyoa, na shati lake la kanisani. Nilifurahi sana, sifichi.

Tulikula alasiri. Mgeni mmoja, mwanamke wa msikitini kwao, akamwinamia Mwaisha na kumwuliza kama atakanyaga tena nyumba hii kula.

"Hii?" Mwaisha akasema, anamega ndizi. "Kwingine kote sasa nitauliza kachinja nani. Hapa sitauliza."