Mirija ya Trei Nyekundu

Mkwe alinikuta kwenye beseni saa mbili asubuhi, uso umemsawijika, akaniambia, "Shangazi, acha kuosha."

"Salamu zimeisha dukani?" nikamuuliza.

Hakucheka. Huyu ni mtoto anayecheka hata mashine ikikwama, kwa hiyo nikafunga bomba.

Si mkwe wangu wa kweli. Ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu hapo maabara. Wiki yake ya kwanza nilimwona anavyoshika pipeti ya kupimia matone kwa upole, nikatangaza kwamba lazima aolewe na mwanangu, kijana anayevunja hata vijiko. Jina likamganda. Mimi ni fundi maabara, nimeosha vyombo na kuhesabu seli pale tangu profesa wetu ana nywele.

Siku hiyo, saa kumi jioni, dirisha la kupokelea tasnifu lilikuwa linafungwa. Mkwe alikuwa ameshaongezewa muda mara mbili, na ya tatu haipo. Asipokabidhi, miaka yake minne imekwenda na maji. Kitabu chenyewe kilikuwa mezani kwake, kimejalidiwa, kinanukia gundi.

"Jana kwenye semina," alisema, "yule mgeni mwenye kikohozi si aliniuliza kama nina hakika vile vitone vimetoka kwenye seli?"

"Wazee wa semina lazima waulize, la sivyo chai haishuki."

"Sikulala, Shangazi."

Ngoja nieleze vitone. Rangi tunayotumia ni ya mafuta, haipatani na maji hata kidogo. Ukiitia majini inatafuta mafuta yoyote ya karibu ijifiche, na utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka, karibu wote ni mafuta. Rangi inajipenyeza humo, na chini ya taa ya hadubini seli inang'aa kama pete nyekundu. Mkwe alikuwa akilipaka rangi kundi moja la seli, analiosha, analiweka juu ya chujio laini ndani ya mrija. Chini ya chujio linakaa kundi la pili, halijapakwa kitu. Baada ya saa tatu, seli za chini zinakutwa na vitone vyekundu. Maana yake, aliandika Mkwe kwa kurasa mia mbili na kumi, seli hugawiana vipande vya ngozi zao.

"Mrija wangu wa kulinganishia," akasema, "ule usiowekwa seli za rangi juu, huwa nautoa wapi?"

"Trei nyeupe. Kazi isiyo na rangi, trei nyeupe. Si nimekufundisha mwenyewe?"

"Na kazi yenye rangi?"

"Trei nyek—" Maji yalikuwa yananichuruzika viwikoni.

Mirija mipya pale kwetu hufika inapojisikia. Kwa hiyo mirija iliyokwisha kutumiwa na rangi niliisuuza mara kumi, nikaipitisha kwenye mvuke, nikairudisha kwenye trei nyekundu isubiri rangi tena. Sabuni situmii, maana ikibaki tone moja inazipasua seli. Ile ambayo haijawahi kuonja rangi ilikaa trei nyeupe. Utaratibu huo ulikuwa wangu, na wageni walipokuja nilikuwa naringa nao. Lakini rangi inayokimbia maji, ikikosa seli, inashika nini? Inashika ukuta wa mrija. Mara kumi za maji yangu zilikuwa zinaibembeleza tu.

"Leo tunaandaa mirija minne," Mkwe akasema. "Miwili trei nyekundu, miwili nyeupe. Kila trei, mmoja uwe na seli za rangi juu, mwingine usiwe nazo. Hesabu wewe."

"Seli zilizobaki kwenye friza zinatosha?"

"Zinatosha leo tu."

Desturi yetu, anayehesabu hajui anahesabu nini. Mkwe aliandaa slaidi nne za kioo zenye seli za chini kutoka kwenye mirija ile, akafunika majina kwa utepe mweusi, akaniletea saa nane na nusu. Nikamtania kwamba akiangusha moja, ndoa imevunjika. Nikazima taa ya chumba, nikainamia hadubini, kidole kwenye kihesabio. Seli mia kwa kila slaidi.

Ya kwanza, arobaini na moja zina vitone. Ya pili, sifuri. Ya tatu, moja. Ya nne, thelathini na nane.

Moyo ukaruka. "Mbili zina, mbili hazina! Mkwe wangu, si ndivyo unavyotaka? Zilizopewa zimepata, zisizopewa hazina kitu!"

"Toa utepe, Shangazi. Mimi siwezi."

Nikaubandua wa kwanza: nyekundu, na seli za rangi. Nikaanza kutabasamu. Wa pili: nyeupe, bila seli za rangi. Sawasawa! Wa tatu kucha zangu zilikataa kuushika. Ulipotoka nikausoma mara mbili. Nyeupe, na seli za rangi. Moja katika mia. Wa nne sikuwa na haja ya kuubandua, lakini niliubandua.

Nyekundu, bila seli za rangi. Thelathini na nane.

Mkwe alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye friza. Hakulia. Alikuwa anahema kama aliyetoka kukimbizwa.

"Zilikuwa kuta," akasema. "Miaka minne napiga picha kuta za mirija."

"Mirija nimeosha mimi."

"Jina langu ndilo lililo kwenye jalada."

Profesa akaingia saa tisa na dakika arobaini, funguo mkononi. "Kitabu kiko wapi? Foleni kule ndefu." Nikamweleza, maana Mkwe hakuweza. Akatazama slaidi, akatazama saa, akavuta pumzi ndefu.

"Slaidi nne si utafiti," akasema taratibu. "Kabidhi. Mrija wako wa kulinganishia kitabuni ni safi. Haya mengine utayafuatilia baadaye."

"Baadaye ipi, Profesa?"

"Binti yangu, usipokabidhi leo huna baadaye yoyote."

Na alikuwa hamdanganyi.

Mkwe akainuka, akakichukua kitabu, akakikumbatia kifuani. Nikaona mguu umeshaelekea mlangoni. Daftari la hesabu la maabara lilikuwa wazi mbele yangu. Kinachoandikwa humo kwa wino hakifutwi wala hakichanwi, na watahini wana haki ya kulifungua. Sikumwomba ruhusa. Nikaandika namba zote nne, nikaandika trei, nikaandika kwamba mirija niliisuuza mimi, nikatia sahihi.

Mkwe alisikia kalamu, akageuka, akasoma akiwa amesimama.

"Umeniua, Shangazi."

"Najua, mwanangu."

"Ungeniachia niamue mwenyewe!"

Sikuwa na utani. Nilitafuta, haukuwepo. Alinyoosha mkono, nikadhani ananipiga. Akaninyang'anya kalamu. Chini ya sahihi yangu akaweka yake, kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Kule dirishani," alimwambia Profesa, "naenda kuwaambia sina cha kukabidhi."

Akatoka. Nikamfuata na koti langu jeupe, glavu bado mkononi, hatua mbili nyuma yake, maana hakutaka nimkaribie, wala hakunifukuza.