Kigingi cha Kafedha

Kafedha mke wangu alikufa kwa homa hapa Chaani, mimi niko Burma nabeba mizinga ya watu. Habari nilipewa vita vimekwisha. Afande wetu alikuwa nazo zamani, akazikalia, eti zisinivunje moyo wa kazi. Aliyasema hayo mwenyewe, kwa upole, kama mtu aliyenifanyia hisani.

Niliporudi nikaanza kumwota. Asimama mlangoni, leso imemlowa, asema, "Nina baridi. Nipe nguo." Kila Mgiriama ajua maana yake. Marehemu akidai nguo hutiliwa koma, kigingi cha mti chenye kichwa cha mviringo, kikavishwa kitambaa na kumwagiwa tembo, naye akatulia papo. Kikishatiwa hakihamishwi.

Shangazi yake, Mama Kahaso, alinionya. "Mkwe, mpeleke Kaloleni kwa baba zako. Hapa mwapanga tu."

"Kaloleni alikaa lini, shangazi? Hapa ndipo alipofagia akinisubiri."

"Haya. Ila ukimtia hapa, nawe umejitia."

Nikamtia nyuma ya nyumba, penye mafiga yake.

Hata mvua haikwisha, wakaja watu wa serikali na minyororo ya kupimia. Kampuni fulani yataka kujenga matangi ya mafuta, nyumba zote za upande wetu zihame. Hakuna aliyetuuliza. Nilipokwenda Burma vile vile hakuna aliyeniuliza.

Aliyenijia na shauri ni Gershom, afundishaye watu wazima kusoma kanisani. Mimi nilisoma madarasa mawili misheni nikakimbia fimbo, lakini kuandika najua. Akaniambia bwana mmoja wa serikali atafuta kumbukumbu za watu waliosafiri, fupi fupi, azitie gazetini.

"Wewe umefika Madagaska, Kolombo, Burma. Andika, Kalama. Akipendezwa, mwombe akuachie uwanja wako."

Gershom akija kwangu huketi akakipa kigingi mgongo, kwa kuwa ni mtu wa kanisa.

"Kwani yuauma?" namwuliza.

"Simwogopi. Simtazami tu."

Nikaandika. Ya kwanza ilikuwa Madagaska. Mzee mmoja wa huko alinionyesha makaburi yao, yamesimamishwa miti iliyochongwa, nami nikajiona nimefika kwetu. Asubuhi yake afande akapasua mti mmoja akachemshia chai.

"Hili la chai litoe," akasema Gershom.

"Ndilo lililotokea."

"Uwanja wautaka ama huutaka?"

Nikalitoa. Ya pili, Kolombo. Tulikuwa twapitishwa mjini kwa mstari, nikamwona mwanamke afagia mlangoni pake, ameinama, mkono mmoja mgongoni, kama Kafedha mwenyewe. Nikasimama. Nikapigwa kitako cha bunduki, mstari usikatike.

"Toa kitako."

"Nikitoa kitako, niliendelea kwa nini?"

"Uliendelea kwa sababu u hodari."

Tukacheka sote, mimi kwa uchungu. Ya Burma niliandika mvua peke yake. Yaliyobaki Gershom hakuyataka, na mimi sikuyaweza.

Katika kuandika ndipo nilipoona nilivyoibiwa. Nchi za watu nazikumbuka hadi harufu ya matope yake. Mke wangu namkumbuka mgongo tu, akifagia. Mengine sikuwapo.

Bwana alizisoma mbele yetu, akatabasamu. "Nzuri sana. Wewe ni mtu mwaminifu, Kalama."

"Basi, bwana, uwanja wangu?"

"Uwanja, hapana. Huo umekwisha amuliwa. Lakini Kampuni yataka korokoroni wa mchana na usiku, akae ndani. Nitakusemea wewe. Sharti moja: hutoki bila ruhusa. Ukitoka, kazi imekwisha na huingii tena."

Nikamtazama Gershom. Alikuwa atazama viatu vyake. Nikasema, "Ndiyo, bwana," kama nilivyosema siku zote.

Nyumba zikavunjwa, seng'enge ikazungushwa, nikapewa kibanda cha mabati langoni. Vibarua wakafika penye mafiga. Nilikuwa nimetangulia: nimemvua Kafedha kitambaa, nimempunguza kichwa kwa panga, nimempaka chokaa.

"Hiki nacho?" akauliza msimamizi wao, ameshakishika.

"Cha wapimaji hicho. King'oe, kesho uwaeleze mwenyewe."

Akakiachia kama amegusa moto. Vigingi vya wapimaji huogopwa. Vyetu vyavunjwa kuni.

Lakini usiku ule ule akaja. "Nina baridi." Hakusema jingine, wala hakuniuliza kwa nini nimemkata kichwa. Akaja tena, na tena. Kumvisha siwezi, msimamizi apita hapo kila siku. Kutoka kumwendea Mama Kahaso anipe dawa siwezi, nikitoka sirudi tena kwa Kafedha.

Jumapili Gershom akaja kwenye seng'enge. Nikamweleza. Akaenda zake bila kuaga, nikasema huyu kanisa limemzuia. Alasiri akarudi, akapenyeza kitambaa cheupe kati ya miiba, uso ameugeuzia barabarani.

"Sijui cha nini," akasema. "Kilikuwa chazurura nyumbani."

"Wataona."

"Chini ya udongo nako wataona?"

Nikachimba kwa mikono wakati msimamizi amekwenda kula. Nikakizungusha shinani, mahali ambapo mti wagusa ardhi yenye unyevu, nikafukia, nikakanyaga. Tembo sikuwa nalo. Nikammwagia chai yangu.

Tangu hapo hajaja. Nimefurahi, na pia nimebaki peke yangu. Bwana ameagiza kumbukumbu nyingine, safari yoyote niipendayo, mradi iwe fupi. Nimeandika hii. Kitako nimekiacha mahali pake, na chai ya afande nimeirudisha. Gershom akiipeleka, nitafukuzwa. Iko hapa chini ya godoro, naye kila Jumapili aniuliza kama iko tayari, na kila Jumapili namwambia bado.