Mwanao Anaamka Saa Ngapi?

Mtaani kwetu naitwa Bosi. Si kwa heshima, usijidanganye. Ni kwa sababu asubuhi, watu wanapokimbilia makazini, mimi nipo uani na kandambili naanika mashuka. Muuza duka akiniona anapiga saluti: "Bosi, leo hatuendi ofisini?" Wateja wake wanacheka, na mimi nacheka, maana nisipocheka watasema nina kisirani, na mvivu mwenye kisirani nani atamvumilia.

Mashuka yenyewe hakuna anayeyaulizia. Mtu anaona shuka jeupe kambani anadhani limejifua.

Nilikuwa mtu wa tanuri. Nilioka mikate kwenye kiwanda kilicholisha nusu ya mji kwa mikono yetu, mpaka tajiri alipofariki, wanawe wakagombania mali, tanuri likazimwa, nasi tukaambiwa tukasubiri nyumbani tutaitwa. Wapo wanaosubiri hadi leo. Mimi sikusubiri. Nilizunguka kutafuta kazi mpaka viatu vikafunguka midomo, na kila nilipobisha nikaambiwa niache namba ya simu. Ndipo baba akaanguka bafuni. Upande wake wa kulia ukafa wote, mkono, mguu, na nusu ya uso. Kaka yangu akamhamishia kwake, akanipigia: "Mdogo wangu, wewe kwa sasa huna kazi. Njoo ukae na mzee kidogo, wakati tunaangalia la kufanya." Hicho kidogo ndicho ninachoishi ndani yake mpaka sasa.

Chumba cha baba kipo nyuma, dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani. Kuna kitanda chake, godoro langu sakafuni, na katikati nafasi ya kusimama mtu mmoja akibana mbavu. Mgonjwa wa namna hii usipomgeuza ngozi yake inachubuka, inatoa vidonda. Basi namgeuza. Naanza saa kumi alfajiri, ile ile saa niliyozoea kuwasha tanuri, kisha namwosha, namvalisha, namlisha uji kwa kijiko, namnyoosha vidole kimoja kimoja, nafua, halafu namrudia tena kumgeuza. Na baba si mwepesi. Alikuwa mpakia mizigo, mtu wa miraba minne, na ugonjwa haukumpunguza hata kidogo.

Sasa msikilize kaka yangu Jumapili akiwa na rafiki zake sebuleni. "Katika nyumba hii mwenye kazi nzuri ni mdogo wangu. Kula na kulala. Kazi hiyo haina hata kustaafu." Kicheko hicho. Mimi napita nyuma yao na beseni lililofunikwa kitambaa, na kila mmoja anajua kilichomo, na kila mmoja ameamua kutazama televisheni.

Kaka si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Anafanya kazi kwenye bohari ya vipuri, anarudi hoi, dawa za baba ananunua yeye. Ila chumba cha nyuma haingii. Anasimama mlangoni, pumzi ameibana, anasema, "Mzee, unaendeleaje?" kisha huyo, ameshageuka. Anachoona ni mimi nimekaa kando ya kitanda. Ukikaa kando ya kitanda, umekaa.

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, nimekumbatia pakiti ya nepi za watu wazima, nikaguswa bega. Alikuwa Fundi, mwokaji mkuu wetu wa zamani, mtu aliyenifundisha kuukanda unga. Akaitazama ile pakiti, akaniangalia, hakuuliza. Nilimpenda kwa hilo.

"Nafungua tanuri langu," akasema. "Nyuma ya soko. Watu wengine wote nimeshawapata, amebaki wa kuwasha tanuri. Nimekuwa nikikutafuta."

Nilishikwa na kigugumizi kama bwana harusi. Fundi akacheka. "Usianze kunishukuru. Unajua utaratibu. Jumamosi mchana nitapita nyumbani kwenu."

Utaratibu niliujua. Mtu wa tanuri akilala, mji mzima unaamka hakuna mkate, na waokaji wa zamani hawakubali maneno ya mtu juu ya usingizi wake mwenyewe, maana hakuna aliyewahi kujisema kwamba ni mlalaji. Kwa hiyo Fundi huenda nyumbani kwako, anakaa na mkubwa wa nyumba, baba kama yupo, na kuuliza swali moja: anaamka saa ngapi? Mke hamuulizi, anasema mke atamtetea mumewe. Na wewe mwenyewe hutakiwi kufungua kinywa. Atakachoambiwa ndicho hicho, hata kwa mtu aliyewahi kufanya naye kazi, maana anasema kukaa nyumbani kunamzoesha mtu usingizi. Wenzangu wengi walikuwa wakiogopa siku hiyo. Mimi nilirudi nyumbani karibu niimbe, maana baba yangu ndiye mtu pekee duniani aliyejua ninaamka saa ngapi.

Jioni nikawaeleza kaka na shemeji. Nikasema nikipata kazi hii nitachangia mshahara wa mtu wa kuja kutwa kumsaidia baba.

"Msaidizi?" kaka akasema. "Wa kufanya nini? Kwani wewe huko ndani unafanya nini cha kutaka msaidizi?"

Ningeanzia wapi? Shemeji akaweka kijiko chini. "Wewe jana uliniuliza sabuni ya kufulia inaishaje haraka hivi," akamwambia mumewe. "Ndiyo jibu lake hilo. Mtu atapatikana, shemeji. Kuna dada mmoja namjua, aliwahi kulea mgonjwa. Nenda kafanye kazi yako."

Yote hayo yalisemwa kwa sauti ya kawaida, na ukuta wa nyumba ile ni mwembamba.

Kesho yake nikiwa namwosha, baba akaniuliza, kwa ule mdomo wake wa upande, "Huyo mtu wenu. Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, baba. Ana uzoefu."

"Atanivua yeye?"

"Ndiyo kazi yake. Wala haoni ajabu."

Akageuzia uso ukutani. Nilimsugua mgongo, nikampaka mafuta, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba hilo halikunishughulisha. Nilikuwa tayari nasikia harufu ya mkate.

Jumamosi nilimvalisha shati jeupe, nikamnyoa, nikamwegemeza kwa mito miwili. Shemeji alikuwa kazini kwake. Kaka alikuwepo, na kwa sababu mgeni ni mgeni, siku hiyo alijikaza akaja mpaka kizingitini. Fundi akapiga hodi, akaingia, akamshika baba mkono wa kushoto, akakaa kwenye kiti changu. Walizungumza habari za afya na za mvua. Mimi nilisimama ukutani.

"Mzee," Fundi akasema, "nimekuja kwa ajili ya mwanao. Kazi ya mikono yake naijua. Nataka kujua moja tu. Anaamka saa ngapi?"

Baba hakunitazama. Alitazama dirishani, kwenye ukuta wa jirani.

"Huyu?" akasema. "Huyu jua likimpiga usoni ndiyo anajigeuza upande wa pili. Tangu tanuri lizimwe. Mvivu huyu, usipoteze muda wako."

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikidhani mzee anamtania mgeni, na kwamba sasa hivi atamalizia. Nikasubiri amalizie. Hakumalizia. Aliyemalizia ni kaka, pale kizingitini, kwa sauti ya mtu aliyeshinda mashindano: "Mimi nilisema siku zote. Nikaonekana nina chuki."

"Baba," nikasema, "mwambie nani anakugeuza alfajiri."

"Sikumbuki," baba akasema.

"Baba."

"Nimesema sikumbuki."

Fundi akasimama. Nilimfuata hadi mlango wa mbele nikimweleza haraka haraka, mashuka, uji, saa kumi, nepi alizoniona nazo kwenye foleni. Alinisikiliza mpaka mwisho, na usoni alikuwa na huzuni. "Labda ni kweli," akasema. "Lakini wenzako wote niliwachukua kwa mdomo wa wazazi wao, na wengine niliwaacha kwa mdomo huo huo. Nikianza kubadilisha kwako, nitawaambia nini wale?" Akanipa mkono, akaenda zake.

Nilirudi chumbani nikafunga mlango. Sijawahi kumpandishia baba sauti maishani mwangu, na siku ile nilimpandishia. Nilimwambia mtaa mzima unaniita Bosi na nimevumilia, kaka ananifanya kichekesho cha wageni nimevumilia, kwa sababu nilijua yupo mmoja anayejua. Nilimwambia ni afadhali ulimi wake nao ungekufa na ule mkono. Ndiyo, nilisema hivyo.

Alikuwa analia kwa jicho moja, lile la upande mzima. "Ningesema kweli ungeondoka," akasema.

"Ningeondoka, ndiyo. Ningerudi jioni. Watu wote wanaondoka na kurudi."

"Kaka yako anaziba pua. Unadhani sioni? Na huyo dada yenu atanigeuza wiki ya kwanza. Ya pili atanigeuza akikumbuka." Akavuta pumzi. "Wewe peke yako ndiye unayenishika kama mtu. Nimeogopa, mwanangu. Nimeogopa sana."

Kama angenikana kwa ubaya ningefunga mfuko wangu nikaondoka saa ile ile. Nilibaki nimesimama kwenye ile nafasi ya kubana mbavu. Hasira ilikuwa imenijaa kifuani na haikuwa na pa kutokea. Niliuangalia mlango, nikahesabu wanaoweza kuingia humu nikitoka. Hakuna.

Kisha nikasikia harufu. Nikavuta shuka. Alikuwa amelowa mpaka mgongoni.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alipoingia yule bwana," akasema. "Mbele ya mgeni ningesemaje?"

Nikapasha maji. Nikarudi, nikamvua lile shati jeupe, nikapitisha mikono yangu chini ya kwapa zake, nikamnyanyua. Akanizungushia mkono wake mzima shingoni, akanibana kwa nguvu. Sebuleni kaka alikuwa anaongea na simu, sauti juu, anacheka. "Baba yake mzazi kasema mwenyewe," alikuwa anasema, "tena kitandani kwake, mgonjwa. Mgonjwa atadanganya ili iweje?"

Nilitaka kwenda kumjibu. Lakini baba alikuwa amening'inia shingoni kwangu, na shuka la chini lilikuwa bado halijatolewa. Nikalivuta kwa mguu.