Madawati Sita ya Kidato cha Nne

Jumatatu asubuhi mwalimu wa taaluma alifungua darasa la kidato cha nne, akasukuma madirisha, akafuta ubao uliokuwa umeachwa na hesabu za Ijumaa. Alipogeuka aliona dawati la mtoto wa dada yake limerudi mahali pake, mstari wa tatu, kando ya dirisha. Ijumaa alikuwa ameliona likibebwa kwenda ghalani pamoja na mengine matano. Miguu yake ilikuwa na tope bichi na unyasi wa uwanjani umenata. Alitoa leso, akalifuta, kisha akaenda kumtafuta fundi seremala.

Fundi alisema si yeye aliyelirudisha. Ghala alilifunga mwenyewe, na ufunguo ulilala mfukoni mwake. Akalibeba tena begani, akiulalamikia mgongo wake njia nzima. Jumanne lilikuwa limerudi na mwenzake. Kufikia Alhamisi yote sita yalikuwa darasani, na mlango wa ghala ulikuwa umeegemezwa ukutani, bawaba zimefunguliwa, skrubu zimewekwa kwenye kifuniko cha kopo zisipotee.

"Aliyeufungua ana adabu," fundi alisema, akaokota skrubu zake.

Shule ile ya masista ilikuwa ya kwanza katika mtihani wa taifa kwa miaka mingi, na nafasi hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Kila mwaka, baada ya mtihani wa majaribio, mwalimu wa taaluma aliyapanga majina kwa alama na kuchora mstari kwa rula. Walioangukia chini ya mstari waliitwa mmojammoja, pamoja na mzazi, ofisini kwa Sista Mkuu. Walipewa chai, wakaelezwa kwamba wangetulia zaidi wakifanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, katika kituo cha masomo kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Sista alijua kuuma na kupuliza. Wazazi walimaliza chai yao, wakashukuru. Wastani wa shule ulibaki juu. Wasichana walimpa mwalimu jina la Wastani, naye alilijua na hakuliona tusi. Lilikuwa jina la kazi yake.

Mwaka huo walikuwa sita, na aliyeukaribia mstari kuliko wote alikuwa Chiriku, binti wa dada yake, aliyeishi naye tangu kidato cha kwanza. Chiriku alikuwa mlinda goli wa timu ya mpira wa pete. Picha yake akiwa amenyanyua kombe la jimbo ilikuwa bado ukutani mapokezi. Ndiye pia aliyeanzisha nyimbo katika misa ya wanafunzi, kwa sababu kinanda kilikuwa kibovu na yeye hakukosea sauti ya kuanzia. Hesabu ndizo zilizomshinda. Mwalimu alipouchora mstari juu ya jina lake, hakuusogeza. Mstari unaopinda kwa ajili ya mtoto wa ndugu, aliona, si mstari.

Masomo yaliendelea. Mwalimu alipoingia darasani na wasichana kusimama kumwamkia, madawati sita yaliinua miguu ya mbele, yakangoja ruhusa, yakakaa. Wakati wa hesabu yalikosa utulivu. Yalihamisha uzito mguu huu na ule, na sakafu ikawa inakwaruzwa mpaka mwalimu akasema inatosha. Hapo yalinyamaza kidogo, kisha yakaanza tena. Wasichana walitania kwamba madawati yale yanahudhuria kuliko kiranja wao, ambaye naye alikubali kuwa ni kweli. Mgeni mmoja kutoka ofisi ya elimu ya jimbo alitaka kukalia moja akajikuta sakafuni. Alijifuta suruali, akaandika kwamba darasa lina viti pungufu.

Nyumbani, Chiriku hakukaa. Si kwamba hakutaka. Kila alipojishusha, kiti kilijisogeza nyuma taratibu, kama mtu anayempisha mkubwa njiani. Kigoda cha jikoni kilifanya hivyo, kitanda kilimkubali akilala tu, na ukingo wa karo la kuoshea vyombo ulimtelezesha. Alikula amesimama na sahani mkononi, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akisoma kanuni za hesabu kwa sauti. Mwalimu alimuuliza wenzake katika kile kituo wanafanyaje.

"Tumesimama wote sita," alisema Chiriku. "Wa dirishani wanaandikia dirishani. Mwenzangu Tarumbeta anaandikia mgongoni kwangu. Ana herufi nzito huyo, Mama mdogo, nimejua historia yote kwa mgongo."

Mwalimu hakucheka, lakini aliiona ni taarifa kamili.

Jumapili dada yake, muuguzi katika mji mwingine, alipiga simu kama kawaida. Aliuliza habari za mtoto, akaelezwa yote bila kupunguzwa: mtihani wa majaribio, mstari, kituo, madawati, viti. Kuhusu madawati hakuuliza neno. Alisema, "Mdogo wangu, mimi nilikuachia mtoto. Sikukuachia wastani." Akakata, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza.

Majina ya watahiniwa yalitakiwa yapelekwe kabla ya wiki kwisha. Baada ya hapo hakuna wa kuongezwa wala kupunguzwa. Mwalimu hakulala vizuri. Alipanga upya rafu ya vitabu vyake, akairudisha ilivyokuwa, na asubuhi akaenda ofisini kwa Sista Mkuu. Chai ililetwa, hakuigusa. Alieleza kwamba wasichana sita hawawezi kukaa popote, na madawati sita hayawezi kukaa ghalani, na kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

"Mwalimu, mstari ulichora wewe," Sista alisema.

"Niliuchora, Sista."

"Ulikosea hesabu?"

"Hapana."

"Basi?"

"Madawati hayaukubali."

"Madawati hayafanyi mtihani." Sista alikoroga chai yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliijenga shule ile kutoka vyumba viwili vya bati, na alijua ni wafadhili gani wangeondoka siku ambayo shule ingekuwa ya pili. Alishusha sauti. "Huyo wa kwako mrudishe. Mmoja hawezi kutuangusha. Sitaki kusikia habari za hao wengine."

Mwalimu alishukuru, akatoka. Njiani hadi nyumbani aliupima uamuzi ule na kuona kasoro yake waziwazi, lakini alifika na kumwambia Chiriku akusanye madaftari, kesho anarudi shuleni. Chiriku alikuwa anapiga pasi. Aliiweka pasi wima.

"Na kina Tarumbeta?"

"Wewe tu."

"Sasa Mama mdogo, nikirudi peke yangu nitakaaje?"

Mwalimu alisema swali lile halina maana. Dawati lake lipo, linamngoja, atakaa kama anavyokaa kila mtu. Chiriku alisema analijua dawati lake, na halikutoka ghalani peke yake. Kisha akaishika pasi na kumalizia kola. Jioni nzima walipishana sebuleni, mmoja akitembea kwa sababu viti vilimkataa, mwingine akitembea tu.

Kulikuwa na njia nyingine. Fomu zilikuwa mezani kwake, kalamu ilikuwa yake, na Sista hakuwa na desturi ya kuzikagua. Majina sita yangechukua muda wa kunywa maji. Mwalimu alizitazama mpaka mhudumu alipokuja kuzichukua, akampa kama zilivyokuwa, bila sita wale.

Siku ya mtihani msimamizi kutoka nje aliagiza madawati matupu yaondolewe, maana ndivyo kanuni zinavyosema. Fundi aliyatoa. Yalisubiri barazani siku zote za mtihani, yameelekea madirisha, na wakati wa karatasi ya hesabu msimamizi alitoka mara kadhaa kuyaomba yapunguze kelele. Mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, wasichana sita walifanya mtihani uleule wamesimama.

Matokeo yalipotoka shule ilikuwa ya kwanza. Kengele ya kanisa ilipigwa, jikoni wakapika zaidi, na wazazi waliokuwa hawajasalimiana tangu mkutano wa karo walikumbatiana getini. Mwalimu alijifungia na matokeo ya vituo vyote viwili. Wale sita walikuwa wamefaulu. Chiriku hata hesabu aliipata, kwa alama zisizo za kujivunia. Aliwajumlisha na wenzao, akagawanya, akarudia kwa njia nyingine kuhakikisha. Wangebaki wote sita, shule bado ingekuwa ya kwanza. Alimpelekea Sista Mkuu karatasi ile ya hesabu. Sista aliisoma mpaka mwisho, kwa makini, kama alivyosoma kila kitu.

"Mwaka huu, ndiyo," alisema, akamrudishia.

Misa ya shukrani iliadhimishwa Jumamosi. Kidato cha nne waliingia kwa maandamano wawiliwawili, na nyuma yao yakaja madawati sita, miguu ikigonga vigae kwa mpangilio mzuri kuliko wa wasichana. Mtunza sakristia alisogeza chombo cha maua yapate nafasi. Wimbo ulianzishwa na msichana mwingine, juu mno, na waimbaji wakateseka nao hadi ubeti wa mwisho. Kabla ya baraka Sista Mkuu alitangaza kwamba watahiniwa wote wa shule wamefaulu, akawaomba wasimame wapigiwe makofi. Walisimama. Madawati yaliinua miguu ya mbele. Makofi yalipokwisha wasichana walikaa, ila madawati hayakushuka. Padre alingoja kidogo, akayaashiria kwa mkono, akangoja tena, kisha akatoa baraka yakiwa hivyo hivyo. Maji ya baraka yaliyafikia.

Yamebaki hivyo hadi leo, darasani, miguu ya mbele hewani. Wafagiaji wanafurahi kwa sababu ufagio unapita chini kwa urahisi. Tarumbeta amepata kazi ya kuongoza watu kituo cha mabasi, ambako haihitajiki kukaa. Chiriku yuko kwa mama yake, anasomea uuguzi, na kila Jumapili huzungumza na mama yake mdogo kwa simu akizunguka chumba. Nyayo zake zinasikika.

Mwaka uliofuata mtihani wa majaribio ulisahihishwa mapema. Fundi hakusubiri kuambiwa. Aliung'oa mlango wa ghala mwenyewe, akaweka skrubu kwenye kifuniko cha kopo. Katika chumba cha walimu mwalimu wa taaluma aliyapanga majina kwa alama, akaivuta rula. Kiti chake kilikuwa kimejisogeza hadi ukutani, mahali kinapokaa siku hizi. Alichora mstari akiwa amesimama. Ulinyooka.