Hewa ya Mmoja, Mafuta ya Mwingine

Gereji ilikuwa moja na paa lilikuwa moja, lakini ndugu wawili waliofanya kazi chini yake hawakusemezana. Mkubwa alikuwa fundi wa mafuta: pampu, mipira na nozeli zinazoirushia injini mafuta. Mdogo alishika hewa: chujio, mabomba, sensa na ekzosi. Katikati yao, penye cherehani na marobota ya ngozi bandia, aliketi dada yao, mshonaji wa viti vya magari. Maneno yao yote yalipita kwake.

"Mwambie huyo anipe spana kumi na nne," kaka angesema.

"Mwambie huyo spana iko mbele ya pua yake," mdogo angejibu.

Dada angeinuka, aichukue spana, ampe kaka, kisha arudi kwenye mshono wake.

Fundi wa matairi wa jirani aliwahi kuchungulia akacheka. "Dada, wewe ni simu ya mezani. Siku wakipiga wote kwa pamoja utaungua waya!"

"Afadhali simu kuliko wewe, redio isiyozimika," alimjibu bila kuinua macho.

Baba yao alipofariki, mdogo alikuwa safarini, na gari lilimharibikia njiani. Alipiga simu akaomba asubiriwe. Kaka hakusubiri. Mdogo alifika mkoba ukiwa begani akakuta udongo umeshasawazishwa na watu wananawa mikono. Aliuliza neno moja tu: "Hata uso?" Kaka akatazama kando. Tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa "huyo" kwa mwenzake.

Baba aliwaachia gari kuukuu la kijivu. Ndani ya buti, ikiwa imefungwa kwenye shuka, walikuta tabo aliyoinunua alipokuwa bado na nguvu zake: feni la chuma linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia injini hewa zaidi. Marehemu alitamani kuuona mlima wa machimbo ukipandwa bila kushusha gia. Alikufa na hamu yake.

Dada ndiye aliyesema, "Mfungieni baba tabo yake." Wote wawili wakaitikia, kila mmoja akimtazama yeye. Hakuwaambia alichokuwa akikitaka. Alitaka siku moja wawili hao wakae ndani ya gari moja, bega kwa bega, wasiwe na pa kukimbilia, mpaka mmoja ashindwe na kumwita mwenzake kwa jina. Alitaka hilo tu, na alilitaka kama mwenye kiu atakavyo maji.

Kazi haikuanza kabla ya ugomvi.

"Mwambie," alisema kaka, "hewa nyingi inataka mafuta mengi. Mimi naweka nozeli kubwa, yeye aweke bomba pana la sensa. Vitu hivyo ni mume na mke."

Maana sensa huketi ndani ya bomba la hewa, ikipima upepo unaopita, na kompyuta ya gari huamini inachoambiwa. Bomba likiwa pana, upepo huigusa sensa kidogo tu. Kompyuta hudhani hewa iliyoingia ni kidogo, nayo hufungua nozeli kwa muda mfupi. Lakini nozeli zikiwa kubwa, hata muda huo mfupi humwaga mafuta ya kutosha. Uongo mmoja huusahihisha mwingine.

"Mwambie mimi simdanganyi mtu, sembuse mashine," mdogo alijibu. "Nozeli ndogo za kiwandani, bomba jembamba la kiwandani, tabo ipulize taratibu. Mlima utapandwa."

Kila mmoja alikuwa sahihi, na balaa lilianzia hapo. Njia ya kaka ingefika, na njia ya mdogo ingefika, ilimradi ifuatwe moja, nzima nzima. Dada alizipeleka hoja na kuzirudisha mpaka ulimi ukamkauka. Kisha wote wakaingia kazini. Mwiko wa gereji ile ulijulikana: hakuna aliyefunua kazi ya mwenzake. Kuitazama kungekuwa ni kumtazama yeye.

Alasiri moja mvua ikipiga bati, kaka alikuja akaketi juu ya tairi karibu na cherehani. Aliyafuta mafuta vidoleni, kimoja kimoja.

"Nimerudisha nozeli za zamani," alisema. "Zile ndogo. Kama anavyotaka."

Mguu wa dada ulisimama juu ya kanyagio. "Kaka! Nimwambie?"

"Ole wako. Ataniringia mpaka nijute kuzaliwa. Acha aje ajue mwenyewe tukishafika juu." Akafuta kidole cha mwisho. "Nilimnyima uso wa baba. Nisimnyime na injini ya baba."

Mvua haijakatika bado, kaka alikuwa ameshakwenda dukani kufuata gasketi, mdogo naye akaja. Hakuketi.

"Dada, nimefunga bomba pana la mkubwa wako. Na tabo nimeikaza ipulize kwa nguvu, kama alivyotaka yeye."

"Wewe? Umepatwa na nini?"

"Nimechoka. Yule ni kaka, nitafanyaje? Lakini ukimwambia, mimi na wewe basi."

Alipobaki peke yake dada aliufunika uso kwa kipande cha ngozi akalia kwa furaha. Mshonaji anajua jambo moja: pande mbili zikisogezwa kila mmoja kuuelekea mwenzake, mshono hukutana. Hili nalo aliliona hivyo. Huyu kasogea, na yule kasogea. Alizibana siri zote mbili kifuani, akamaliza kushona viti vya gari la baba kwa uzi mwekundu.

Siku ya kujaribu, kaka alishika usukani, mdogo akakaa kando yake, dada akakaa nyuma. Kwenye tambarare injini ilinguruma vizuri. Mdogo alitazama dirishani, na dada aliona kwenye kioo pembe ya mdomo wake ikitaka kucheka. Alisubiri.

Mlima ulianza. Kaka alikandamiza mafuta mpaka chini. Tabo ikapiga mluzi, gari likavuta kama lililotumwa, mawe ya machimbo yakakimbia nyuma. Halafu ikaja sauti ndogo kutoka kwenye boneti, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo.

Wote wawili waliijua. Ni sauti ya injini yenye hewa tele na njaa ya mafuta. Kaka alijiambia haiwezekani: bomba ni jembamba, tabo inapuliza taratibu. Mdogo alijiambia haiwezekani: nozeli ni kubwa. Sauti ikazidi. Mdogo aligeuka, si kwa aliyekuwa kando yake, bali nyuma.

"Dada, mwambie aondoe mguu!"

Dada alifungua mdomo. "Kaka, anasema—"

Kishindo kikamkata. Moshi mweupe ukaufunika mlima, gari likarudi nyuma kidogo kabla ya breki kushika.

Walilivuta hadi gereji, wakafungua hedi, kifuniko cha juu cha silinda. Pistoni ya tatu ilikuwa imeyeyuka katikati, tundu la kupitisha kidole gumba, na ukuta wa silinda umechanika. Taa ilikuwa mkononi mwa mdogo. Aliisogeza kwenye nozeli, akaganda. Kaka alifuata bomba kwa mkono, akafika penye sensa, akaganda vilevile.

"Uliweka bomba pana," alisema kaka.

"Nawe uliweka nozeli ndogo."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu makaburini. Dada alikuwa amesimama nyuma yao.

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia dada."

"Hata mimi nilimwambia dada."

Wakageuka. Hakuwahi kuyaona macho yale manne yakitazama upande mmoja.

"Ulijua yote mawili?" aliuliza kaka taratibu.

"Nilijua mmekubaliana. Mlinikataza nisiseme, wote mlinikataza!"

"Neno moja tu, dada," alisema mdogo. "Miaka yote umebeba maneno yetu, hata ya matusi hukudondosha. Hili moja ndilo ukalimeza."

Dada alirudi kwenye cherehani.

Iliamuliwa gari livunjwe, kila kipande kiende kwa atakayekihitaji. Ndugu wawili walilivunja pamoja. "Shika huku." "Pole pole, kaka." "Leta jeki." Wakati mwingine mmoja alimsimulia mwenzake jambo la baba, sauti zao zikashuka, na dada alipopunguza kasi ya cherehani ili asikie, wakayakatiza mazungumzo.

Viti vilibaki vya mwisho. Dada aliingia ndani ya bodi tupu, isiyo na milango wala vioo, akapiga magoti, akaanza kuufumua uzi mwekundu kwa ncha ya mkasi. Nje walikuwa wanazungumza. Alisikia mmoja akisema jambo na mwingine akicheka kidogo, kicheko cha watu waliofiwa. Aliendelea kufumua.